Mipopi bustanini: kuitambua, kuipanda kwa mbegu na kuvuna mbegu zake

Wengi wanaotaka kupanda mipopi (poppy kwa Kiingereza) huanza kwa kuuliza habari za udongo na mbolea. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: una mpopi gani? Mimea inayoitwa popi ni mingi, na haitofautiani kwa rangi ya ua tu. Upo unaoota, kuchanua na kufa ndani ya msimu mmoja, na upo unaokaa ardhini miaka mingi. Upo unaovumilia ukame, na upo usiotoa ua la maana mpaka upitiwe na baridi kali. Mmoja ni kosa la jinai kuupanda Kenya na Tanzania. Na mwingine, ambao huenda tayari umeota kando ya barabara yenu, ni gugu lenye sumu. Ukishaujua ulio nao, kazi inayobaki si kubwa.

Ninaowalenga ni wenye bustani sehemu za baridi: Limuru, Nyahururu, Lushoto, Njombe, Mbeya, Bukavu, vilima vya Burundi na Rwanda, pamoja na ndugu zetu wanaoishi Uingereza na kwingineko Ulaya. Aliye Mombasa au Dar es Salaam namwambia wazi kwamba joto la usiku na unyevu wa pwani huudhoofisha mpopi kabla haujachanua. Pesa hiyo anunulie mmea mwingine.

Hatua ya 1: Utambue mmea

Angalia majani, utomvu, tumba la ua kabla halijafunguka, na kichwa cha mbegu baada ya petali kuanguka. Rangi iache iwe ya mwisho, kwa sababu wafugaji wa maua wamechanganya rangi kiasi kwamba ua jekundu linaweza kuwa la mpopi wowote.

Mpopi wa shambani, kwa jina la kitaalamu Papaver rhoeas, ndio ule mwekundu wa mashamba ya ngano ya Ulaya, na ndio unaoigwa kwa maua ya karatasi ambayo Waingereza huyabandika kifuani kila Novemba kukumbuka waliokufa vitani. Majani yake yamekatika-katika na yana vinywele. Shina nalo lina vinywele vilivyosimama, utaviona ukiinua mmea kwenye mwanga. Tumba huinamia chini kama mtu aliyesinzia, kisha siku ya kuchanua kikonyo hunyooka, vifuniko viwili vya kijani vinaanguka, na petali nne hufunguka zikiwa bado na mikunjo. Mara nyingi kila petali ina doa jeusi karibu na kitako. Kichwa cha mbegu ni kifupi, laini, kinakaribia kuwa duara, na juu kina kifuniko bapa chenye mistari inayotoka katikati. Ukiona kichwa chembamba kilichorefuka, zaidi ya mara mbili ya upana wake, hapo una nduguye, Papaver dubium, hupandwa vilevile. Urefu wa mmea ni kati ya sentimita 30 na 70.

Kutokana na huu wa shambani ndiko ilikotoka mipopi ya Shirley. Mnamo mwaka 1880 hivi, kasisi William Wilks wa Shirley, karibu na Croydon nchini Uingereza, aliona kwenye kona isiyolimwa ya bustani yake, iliyopakana na mashamba, ua moja ambalo petali zake zilikuwa na ukingo mwembamba mweupe. Akachukua mbegu za ua lile, akapanda, akachagua bora, akapanda tena, miaka na miaka. Mipopi ya Shirley ya asili haina doa jeusi kabisa: kitako cha petali ni cheupe, na nyuzi za chavua ni za njano au nyeupe. Habari ya kasisi huyu naithamini sana kwa kuwa kazi aliyoifanya haihitaji maabara, na nitaeleza mbele jinsi unavyoweza kuifanya kwako.

Sasa ule wa hatari ya kisheria: Papaver somniferum, mpopi wa afyuni. Huu hutambulika hata ukiwa mchanga. Majani yake ni mapana, ya kijani chenye ukungu wa kijivu-bluu, karibu hayana vinywele, na yale ya juu hayana kikonyo, yanalikumbatia shina. Miche yake midogo hufanana na saladi yenye rangi ya kijivu. Ukikomaa hupita mita moja, na kichwa chake cha mbegu ni kikubwa, cha duara, na kinapochubuka hutoa utomvu mweupe wenye mofini na kodeini. Kenya imepiga marufuku kilimo chake katika sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na Tanzania katika sheria ya mwaka 2015. Kusema uliupanda kwa ajili ya maua hakukuondolei kosa. Uingereza mtu anaruhusiwa kuuotesha kama ua la bustani, lakini si kutoa dawa ndani yake. Na aliye Falme za Kiarabu, au anayepitia huko, ajue kwamba hata mbegu zake zinazonyunyizwa juu ya mikate zimepigwa marufuku. Usibebe mkate wa aina hiyo wala pakiti ya mbegu kwenye begi.

Mpopi wa Kalifonia, Eschscholzia californica, ni wa familia hiyohiyo ila si ndugu wa karibu. Majani yake ni membamba mno, yamechanwa-chanwa, ya kijani cha bluu. Utomvu wake si maziwa: ni majimaji, wakati mwingine yenye rangi ya machungwa. Tumba lake limevikwa kofia yenye ncha, na ua linapofunguka huisukuma kofia ile mpaka ikaanguka nzima. Chini ya petali kuna ukingo wa duara unaobaki hata ua likishapukutika. Badala ya kichwa cha duara, huu hutoa ganda refu jembamba ambalo likikauka hupasuka na kurusha mbegu mbali. Maua yake, mara nyingi ya machungwa au njano, hufumba usiku na siku za mawingu. Tangu mwaka 1903 ni ua rasmi la jimbo la California. Kwa bustani zetu zenye jua kali na mvua haba, huu ndio ninaopendekeza kwa anayeanza.

Mpopi wa Iceland, Papaver nudicaule, haukutoka Iceland. Asili yake ni nchi za baridi za Asia kama Siberia na Mongolia. Majani yote hukaa chini kwenye shada moja, na kila kikonyo husimama kitupu bila jani hata moja, kikibeba ua moja jeupe, la njano, la machungwa au waridi. Kichwa cha mbegu kina vinywele. Mpopi wa mashariki, Papaver orientale, ni wa kudumu, umejaa vinywele vigumu, na ua lake huweza kufika sentimita 15. Umetoka Kaukasi, kaskazini mashariki mwa Uturuki na kaskazini mwa Iran, na unategemea majira ya baridi ili upumzike. Wenye bustani Ulaya waupande. Karibu na ikweta nauacha.

Mwisho ni gugu. Argemone mexicana limeenea Kenya na Tanzania, hasa sehemu kavu, kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa. Ua lake la njano ni zuri na kwa kweli ni la jamii ya popi, hivyo watu hulichuma wakapeleka nyumbani. Majani yana miiba na mishipa yake ni myeupe. Vunja kikonyo: utomvu ni wa njano. Mbegu zake nyeusi zinafanana sana na haradali, na ndiyo sababu ya madhara yake makubwa. Mwaka 1998 mjini Delhi mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizi yaliua watu zaidi ya 60. Ling'oe kwa glavu kabla halijakomaza mbegu, na usilihifadhi kama pambo.

Hatua ya 2: Nunua mbegu kwa jina la kitaalamu

Geuza pakiti usome maandishi madogo. Picha ya mbele haina uzito. Kama hakuna jina la kitaalamu, rudisha. Kama limeandikwa somniferum na uko Kenya au Tanzania, rudisha vilevile. Kuna ujanja wa majina hapa: pakiti zilizoandikwa paeoniflorum au laciniatum ni mpopi uleule wa afyuni, wenye petali nyingi au zilizochanika, chini ya jina lingine.

Jamaa aliye ng'ambo akitaka kukuletea mbegu, kwanza pateni kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea. Kenya mwulize KEPHIS, Tanzania TPHPA, mashirika ya serikali yanayosimamia afya ya mimea. Mbegu za kuficha kwenye soksi huja na magonjwa na magugu ambayo jirani yako ndiye atakayeyalipia.

Hatua ya 3: Chagua majira

Mbegu za mpopi hupenda kuota udongo ukiwa wa baridi kiasi, nyuzi 15 hadi 18 hivi. Mmea mkubwa nao huchanua vizuri hewa ikiwa kavu na ya baridi, kwa sababu mvua kubwa hurarua petali na unyevu mwingi huleta ukungu. Hesabu basi kurudi nyuma: maua unayataka Julai na Agosti, wakati wa kipupwe. Nyanda za juu za Kenya na Lushoto, panda mwisho wa Aprili hadi Mei, masika yakianza kulegea. Njombe na Mbeya, ambako mvua huanza kukatika Aprili, panda Machi au mwanzo wa Aprili ili miche ipate maji ya mwisho. Burundi na Rwanda, Aprili inafaa. Sakitu ya Juni isikutishe. Mpopi wa shambani na wa Iceland huivumilia.

Uingereza kuna nafasi mbili, Septemba au Machi hadi Aprili. Ya Septemba hutoa mimea minene zaidi inayochanua mapema, kwa kuwa mizizi hutangulia kujijenga.

Jambo moja la kutarajia: siku ndefu huuharakisha mpopi wa shambani kuchanua. Kaskazini mwa Ulaya mchana wa Juni hupita saa 16, wakati kwetu ni saa 12 hivi. Kwa hiyo maelezo ya pakiti yaliyoandikwa Ulaya yakikuambia utaona maua baada ya wiki kadhaa, ongeza subira. Mmea unaokawia kwetu hauna ugonjwa.

Hatua ya 4: Andaa kitanda

Pahali pawe na jua angalau saa sita na maji yasituame. Palilia kabisa, hasa magugu ya mizizi mirefu, kwa sababu mche wa mpopi ukiwa mchanga hauwezi kushindana na chochote. Lima kina cha jembe, kisha tumia reki mpaka udongo wa juu uwe tifutifu.

Usiweke samadi. Najua inauma kwa mtu aliyezoea mboga, lakini udongo wenye rutuba nyingi hukupa majani manono na maua machache, na mashina marefu yanayolala upepo ukivuma. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na mchanga na mboji kidogo iliyooza sawasawa. Udongo wa kichanga uache ulivyo.

Ukiwa na muda, mwagilia kitanda hicho kitupu na usubiri siku kumi au wiki mbili. Magugu yataota kwanza. Yakwangue juujuu bila kufukua upya. Nafasi utakayoipata itakuokoa kazi ya kung'oa magugu katikati ya miche usiyoweza kuitofautisha nayo.

Hatua ya 5: Tawanya, usifukie

Hapa ndipo mbegu nyingi hupotea. Mbegu ya mpopi wa shambani haifiki milimita moja, na inahitaji mwanga ili iote. Ukiifukia inalala, wala haifi. Inaweza kulala ardhini kwa miongo mingi. Ndiyo maana mashamba ya Flanders, nchini Ubelgiji, yaligeuka mekundu wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Mabomu na mahandaki yalifukua udongo, mbegu zilizolala zikaliona jua. Anayezifukia mbegu zake anafanya kinyume cha mabomu yale, halafu analaumu duka.

Chukua mchanga mkavu, safi, kiasi cha kikombe kimoja kwa kila mita moja ya mraba. Ongeza mbegu kiasi cha kubana kwa ncha za vidole viwili, uchanganye vizuri. Mchanga mweupe ni bora, maana utaona ulipopita. Tawanya nusu ukielekea upande mmoja, na nusu ya pili ukikatiza. Kisha weka ubao juu ya udongo na uukandamize taratibu ili mbegu zigusane na ardhi. Basi. Usipitishe reki tena.

Mbegu za mpopi wa Kalifonia ni kubwa kidogo, hizo zifunike kwa udongo wa milimita chache tu.

Mwagilia kwa umande: bomba la kunyunyizia au keni yenye matundu madogo sana. Maji ya mpira yatazisomba zote zikusanyike kwenye kona. Mpaka zitakapoota, udongo wa juu usikauke, na kwenye jua la adhuhuri hilo linaweza kumaanisha kunyunyiza asubuhi na jioni. Sisimizi hubeba mbegu. Ukiwaona wamepanga mstari, panda tena kidogo sehemu waliyopita.

Kwa kawaida utaona kijani baada ya wiki moja hadi tatu. Miche ya mpopi wa shambani hutoka na majani mawili membamba kama nyuzi. Ya Kalifonia ni rahisi zaidi kuijua: kila jani la kwanza limegawanyika ncha mbili, umbo la herufi Y. Chora alama hizi kichwani kabla hujaanza kung'oa magugu.

Hatua ya 6: Punguza miche bila huruma

Miche ikifika urefu wa sentimita tatu hivi, iache umbali wa sentimita tano. Baada ya wiki mbili au tatu, ipunguze tena mpaka sentimita 20 hadi 30. Tumia mkasi mdogo kuikata usawa wa ardhi. Ukiing'oa utatikisa mizizi ya ile unayoiacha.

Utatamani kuihamishia kwingine hiyo iliyozidi. Mpopi wa shambani na wa Kalifonia huteremsha mzizi mkuu mmoja kwenda chini, na mzizi huo ukikatika mmea hudumaa au hufa. Ndiyo sababu tunapanda palepale utakapokaa. Asiye na namna nyingine apande kwenye vikopo vya karatasi na kuvizika pamoja na mche, kabla haujatoa majani manne ya kweli. Wa Iceland na wa mashariki huvumilia zaidi njia hii, na kwa sababu mbegu za wa Iceland ni ghali na ndogo kama vumbi, huo naupanda kwenye trei.

Miche iliyosongamana hupatwa na kinyausi: shina hulainika usawa wa udongo, mche unalala. Dawa yake ni nafasi na maji machache. Konokono hupenda miche hii, watafute usiku kwa tochi. Vidukari weusi wakijaa kwenye vikonyo, waoshe kwa maji ya sabuni kidogo. Majani yakijikunja na kuwa na madoa ya njano juu huku chini yana ukungu wa kijivu, huo ni ubwiri vinyoya. Ng'oa mmea, uchome, na usipande mipopi hapo msimu unaofuata.

Baada ya hapo mpopi hauna madai mengi. Mwagilia shinani tu udongo ukikauka kina cha kidole. Mbuzi na ng'ombe wazuiwe, maana mimea hii si malisho salama, na wala usichemshe sehemu yake yoyote kama chai.

Hatua ya 7: Maua

Ua moja la mpopi wa shambani hudumu siku moja au mbili. Bustani hujaa kwa sababu matumba hufuatana, na ukikata vichwa vinavyoanza kuvimba, mmea utaendelea kutoa matumba mapya. Maua haya hayana asali; nyuki huja kwa ajili ya chavua, na asubuhi na mapema utawasikia kabla hujawaona.

Kwa chombo cha maua sebuleni, chagua wa Iceland. Kata alfajiri, tumba likianza tu kuonyesha rangi. Chovya ncha ya kikonyo kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 20 hivi ili utomvu uzibe, kisha weka kwenye maji baridi. Bila hivyo yatanyauka kabla ya wageni kuondoka.

Hatua ya 8: Vuna mbegu, na uchague zako

Acha vichwa kadhaa vikomae. Vikigeuka kahawia na kulia ukivitikisa, na vitundu vidogo vimefunguka chini ya kifuniko cha juu, viko tayari. Kata asubuhi umande ukishakauka, ukishika kikonyo wima, kisha vigeuze ndani ya mfuko wa karatasi. Vya Kalifonia vuna maganda yakiwa yamegeuka rangi lakini hayajapasuka, na ufunge mfuko, maana yatapasukia humo.

Mpopi wa shambani haujichavushi wenyewe. Unahitaji chavua ya mmea mwingine. Kwa hiyo mbegu kutoka kwenye ua zuri zinabeba pia damu ya jirani yake, hata kama jirani huyo hukumpenda. Ukitaka kufanya kama kasisi wa Shirley, pita kila asubuhi wakati wa kuchanua, ung'oe mimea yenye rangi usiyoitaka siku hiyohiyo ilipofungua ua la kwanza, kabla nyuki hawajazunguka sana. Ile unayoipenda ifunge uzi wa rangi. Acha mingi kidogo, si mmoja, ili ichavushane. Vuna kutoka kwenye yenye uzi peke yake na upande hizo mwaka unaofuata. Msimu wa pili bado utaona mchanganyiko, endelea kung'oa.

Anika mbegu kivulini siku chache, pepeta maganda, tia kwenye bahasha ya karatasi, na bahasha ndani ya chupa yenye mfuniko. Andika jina la kitaalamu, mahali na mwaka. Zikikaa pakavu na pa baridi zitaota kwa miaka kadhaa. Zilizodondoka kitandani zitajiotea zenyewe mvua zikirudi, mradi uwe umekwangua udongo juujuu ili zione mwanga. Usizozitaka zing'oe zikiwa na majani mawili.